Msasa wa Tomi

Unga wa ngano ukichemshwa kwa maji mengi hutoa harufu ya chapati iliyokata tamaa. Juzi nilipika gundi hiyo kwa sababu shule ya mwanangu ilitaka vinyago vya kutisha, na mimi, kwa ubahili ninaouita falsafa, nilikataa kununua vile vya plastiki vinavyouzwa Mikocheni. Harufu ilipopanda, nikaona haya peke yangu jikoni.

Nyumba yetu ya Temeke ilikuwa na vitu viwili ambavyo majirani hawakuwa navyo: mbwa na magazeti. Mama alikuwa mwalimu, mtu wa Songea, na aliamini kwamba nyumba isiyo na mbwa ni ya kila mtu. Magazeti alituletea kwa ajili ya mazimwi, ndivyo tulivyoviita vinyago vyetu vya kutisha. Msimu wa mgao wa umeme, mtaa mzima ukiwa giza, tulirowesha karatasi kwenye gundi, tukazibandika tabaka kwa tabaka juu ya bakuli lililofudikizwa, tukatoboa macho, tukapaka masizi ya sufuria na manjano. Jioni, baada ya kula, watoto wa mtaa waliviziana vichochoroni na mayowe.

Kinyago kikiwa bado kibichi, Tomi, mbwa wetu mkubwa, alikuja kukilamba kwa uchu wa unga. Mwanzoni nilimfukuza. Kisha nikagundua kwamba ulimi wake ulipopita pamekuwa laini kama mbao iliyopigwa msasa. Tangu siku hiyo nikawa namkabidhi kazi. Popi, mbwa wa pili, hakuwa fundi. Yeye alikula masikio.

Mwaka mmoja mgao uliangukia mwezi wa Ramadhani. Rafiki yangu Mwajuma, wa nyumba ya pili, hakuwa akiingia kwetu kwa sababu ya mbwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda kwao. Bibi yake, Bi Tatu, alinizoesha kufuturu nao. Mkeka ule ndio uliokuwa dunia yangu: mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga, na nafasi yangu kati ya Mwajuma na ukuta. Nilitamani nihesabiwe mtoto wa nyumba ile. Basi nikamtengenezea Mwajuma zimwi zuri kuliko yote.

Nilimpelekea jua likikaribia kuzama. Akalivaa palepale uani, mbele ya binamu zake, huku jasho likimtiririka. Bi Tatu akalipapasa paji la uso.

"Lo! Laini kama sahani. Umelisugua na nini, mwanangu?"

"Si mimi, bibi. Ni Tomi," nikasema, kwa majivuno ya fundi anayetaja mtambo wake. "Analilamba mpaka linang'aa."

Bi Tatu akauondoa mkono wake.

"Tomi si mbwa?" akauliza binamu mmoja.

"Mamaa! Mwajuma kabusiwa na mbwa!"

"Mahari lini, Mwajuma?"

Mwajuma akaanza kulia ndani ya zimwi. Bi Tatu hakufoka. Alimvua, akaagiza ndoo na udongo safi, akaosha mikono yake, kisha uso wa mjukuu wake: udongo, maji, tena maji, mpaka zikatimia mara saba. Kisha akaninyooshea kata ya maji.

"Na wewe, Neema. Lete uso."

"Mie?"

"Kwani huyo mbwa analala na nani? Njoo upesi, adhana hiyo inakuja."

Akanipaka udongo mbichi mashavuni. Binamu wakapata la kusema: "Bibi, msugue sana huyo, mkia bado!" Wakati ule sikuelewa kwamba kwao mate ya mbwa ni najisi. Nilielewa kwamba uchafu ni mimi. Kabla maji hayajanifikia nikachomoka, nikakimbia na tope usoni mpaka kwetu, ambako Tomi, asiye na habari, alinipokea na kulilamba lote.

Mama alinisikiliza, akasema, "Uso umeumbwa na haya. Rudi ukaoshwe, ule." Nikaingia uvunguni. Punde nikasikia sauti ya Mwajuma nje ya uzio: "Neema! Fungeni mbwa! Bibi anakuita!" Sikutoka. Kesho yake sikwenda, wala siku iliyofuata, na kabla ya mwaka kwisha wao wakahamia Kigamboni. Chuoni kisa hicho nilikisimulia kama kichekesho, jinsi majirani walivyonisugua kama sufuria. Watu walicheka. Nilikuwa msimuliaji mzuri, Mungu anisamehe.

Mwaka jana nilikutana na Mwajuma harusini. Bi Tatu alikuwa ameshafariki. Nikakisimulia tena, kwa mbwembwe zangu zote. Mwajuma hakucheka.

"Neema, asiyetakiwa haoshwi. Asiyetakiwa anaambiwa rudi kwenu, basi. Bibi alikuwa anakuwahisha, ule na sisi."

Nikatazama sahani yangu ya pilau. Wale binamu walinicheka, ni kweli. Lakini mikono ya Bi Tatu ilinisugua sawasawa na ilivyomsugua mjukuu wake, kwa udongo uleule na haraka ileile, na mimi, niliyetaka sana kuhesabiwa, nilikimbia katikati ya kuhesabiwa.

"Binamu walitaka kusogea mkekani wajaze nafasi yako," Mwajuma akaendelea. "Bibi akawakatalia. 'Acheni hapo, anakuja.' Bakuli lako likakaa mpaka uji ukaganda."

Nikamuuliza nani aliunywa.

"Hakuna," akasema. "Na kesho yake akakutengea tena."