Kutoka Bunda Bila Klachi

Nililinunua gari lile mwaka ambao mwanangu wa mwisho alikwenda shule ya bweni, na nyumba yangu ya Kitaji, mjini Musoma, ikabaki na mngurumo wa friji tu. Lilikuwa gari la zamani la Kijapani, milango minne, gia za mkono, lenye turbo na ekzosi nene iliyokohoa kabla ya kuwaka. Mwenye nalo alikuwa anahamia Dodoma kikazi, na mkewe alikuwa amekataa katakata kusafiri ndani yake. Alinizungusha mjini taratibu, tukatoka kwenye lami iliyonyooka, akakanyaga mafuta mara moja. Mgongo wangu uligandamana na kiti. Sikuuliza tena swali lolote la maana.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kukaa kimya mbele ya darubini nikitazama damu za watu. Hakuna aliyetegemea kwamba mwanamke wa aina yangu, tena mjane, angenunua gari la mbio. Kazini walicheka, wakazoea. Baba yangu mdogo aliniambia kwa upole kwamba mwenye akili angenunua ng'ombe, maana ng'ombe hata akivunjika mguu analiwa.

Baba yangu mzazi alikuwa na swali moja tu. Aliuliza kwenye simu kama lina turbo, nikamwambia ndiyo. Akaniambia nilipeleke Butiama alisikie.

Alisema alisikie, si alione, kwa sababu wakati huo macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori la pamba. Alizoa pamba vijijini na kuipeleka kwenye kinu cha kuchambua pale Bunda. Nilipokuwa mdogo nilimjua zaidi kwa harufu ya dizeli na vumbi la pamba lililokaa kwenye nyusi zake. Msimu ukiisha aliwachukua kaka zangu kwenye uwanja wa mnada na kuwafundisha kuendesha. Mimi nilipanda nyuma kwenye bodi la lori, nikashikilia vyuma, nikatazama. Siku moja niliomba zamu yangu. Akaniambia, "Wewe mama, shika kitabu." Nilishika kitabu. Kuendesha nilijifunza nimeshakuwa na watoto, kwenye shule ya udereva mjini Musoma, kwa mwalimu aliyekuwa anasinzia.

Basi Jumamosi ya kwanza nikatoka kwenda Butiama. Nilipita Makutano vizuri, nikaiacha barabara kuu, nikaanza kufurahia mlima. Hapo mshale wa joto ukapanda kama mtu aliyeitwa jina. Mvuke ukatoka kwenye boneti. Nilisimama karibu na mji wa watu, na mama mmoja aliyekuwa anaanika mtama akaniletea maji kwenye ndoo bila kuniuliza chochote. Nilimpigia baba simu. Alifika amebebwa kwenye pikipiki, amevaa koti lake la kanisani, akapapasa njia mpaka mbele ya gari na kuweka kiganja kwenye boneti kama anavyopimwa mtoto mwenye homa.

"Rejeta," alisema.

Tulibadilisha rejeta. Lilichemka tena. Akasema themostati, ile valvu ya maji ya injini, kwamba zamani kwenye malori walikuwa wanaing'oa tu na kuitupa. Tukaing'oa. Lilichemka tena. Fundi wangu, kijana mpole wa Bugwema aliyekuwa na gereji nyuma ya soko, alisema feni. Tukaweka feni. Kwenye tambarare gari lilitulia, lakini nikilipandisha mlima na kukanyaga mafuta, mshale ulikwenda palepale.

Ndivyo Jumamosi zetu zilivyoanza. Asubuhi nilimfuata baba Butiama, taratibu, nikiuchunga ule mshale, nikamleta gereji. Fundi alimtengea kiti cha plastiki chini ya bati, na kabla ya saa nne kulikuwa na chai na chapati. Baba alikuwa na jibu kwa kila tatizo, na mara nyingi alikosea. Fundi naye alikosea, ila yeye alikosea baada ya kutazama video kwenye simu. Walibishana kwa heshima, huyu akisema "mzee wangu" na yule "kijana wangu," na mimi nikiwa nimeshika tochi.

Na tatizo halikuwa hilo moja. Ukikata kona kushoto, honi ilipiga yenyewe, na watu wa barabarani walinipungia mkono wakidhani nawasalimia. Kioo cha dereva kilishuka siku ya mvua na kukataa kupanda, nikaenda kazini na nailoni begani. Kengele ya wizi iliamka katikati ya mahubiri, ikanyamazishwa, ikaamka tena wakati wa sadaka, mpaka mzee wa kanisa akaniomba kwa sauti ya chini niwe naegesha mbali kidogo. Halafu kulikuwa na yule dada wa ndani ya dashibodi. Kila ukiwasha gari, sauti ya mwanamke ilisema maneno marefu ya Kijapani, kwa adabu sana. Fundi alitaka kuukata waya wake. Baba akakataa. Alisema mtu akikusalimia nyumbani kwake humtoi nje. Kuanzia hapo, kila nikiwasha, dada yule alisema yake, na baba alimjibu kwa Kizanaki kwamba tumeamka salama, sijui huko kwenu.

Chanzo cha kuchemka tulikuja kukigundua kwa bahati. Siku hiyo fundi alikuwa amekwenda kunywa chai. Baba aliniomba akae kwenye kiti cha dereva, akanyage mafuta tu, gari likiwa limesimama. Nilijua anachotaka. Alitaka kusikia turbo. Nikamwambia akanyage, nikainama kwenye injini na tochi yangu. Alipobonyeza sana, niliona mpira mnene wa chini ya rejeta ukijikunja. Ulinywea wenyewe, ukawa bapa kama mrija wa soda unaovutwa na mtoto. Alipoachia, ukajaa, ukawa mzima kabisa. Nikamwambia abonyeze tena. Ukanywea tena. Maji yalikuwa hayapiti pale yanapohitajika zaidi, na sisi siku zote tulikuwa tukiukagua injini ikiwa imezimwa au inaunguruma polepole.

Nilimwita fundi, akaja na chapati mkononi. Alitazama, akamwomba baba abonyeze, akatazama tena. Kisha akakaa chini kwenye tairi na kucheka mpaka chapati ikamdondoka. Rejeta tuliyoitoa ilikuwa nzima. Mpira mpya uliletwa na basi kutoka Mwanza, na gari likapanda mlima wa Butiama likiwa limetulia kabisa. Nilidhani tumemaliza.

Wiki chache baadaye baba alipata nafasi ya kufanyiwa upasuaji wa macho mjini Musoma. Alitakiwa kufika asubuhi mapema. Siku moja kabla, aliniomba nimpeleke Bunda kwanza. Alitaka kufika kwenye kinu alichokuwa anapeleka pamba. Hakueleza sababu, ila nilielewa. Kisu cha daktari ni kisu, na mtu mzima hufanya ziara zake za kuaga.

Kinu kilikuwa kimya, msimu ulikuwa haujaanza. Mlinzi alituruhusu kusimama getini. Baba aliniuliza kama ule mzani mkubwa wa kupimia pamba upo bado, nikamwambia upo. Aliuliza kama mabati bado ni mekundu, nikamwambia yana kutu. Alivuta hewa, akasema harufu ni ileile. Kisha tukaenda kula samaki hotelini, sato wa kukaanga na ugali, na tulipotoka nikakanyaga klachi. Pedeli ikaenda mpaka chini na haikurudi.

Fundi wa Bunda alilala chini ya dashibodi, akatoka na vidole vilivyolowa. Raba za masta ya klachi, ile pampu ya mafuta yake, zilikuwa zimekufa, na spea ya gari kama lile ingetoka Mwanza kesho yake mchana. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Nilimwambia baba nitamtafutia gari la abiria, mimi nibaki na langu.

"Twende nalo," alisema.

"Baba, halina klachi."

"Nimesikia. Lori langu lilikuwaga halina klachi msimu mzima. Ingia."

Tuliingia. Aliniambia nisiwashe kwanza, niweke gia namba moja, nishike usukani, kisha niwashe vilevile likiwa kwenye gia. Gari liliruka kama mbuzi, dada wa Kijapani akaanza salamu zake, na tukawa tunakwenda. Baba aliweka mkono wake juu ya mkono wangu kwenye gia. Kiganja kilikuwa kikavu na kizito.

"Sasa toa mguu kwenye mafuta. Itoe gia, iache katikati. Usiwe na haraka. Sikiliza injini inashuka. Inashuka... sasa peleka."

Nilipeleka mapema. Gia zilisaga, sauti mbaya sana, nikahisi aibu ya mtoto. Hakuusogeza mkono wake. Alisema gia hailazimishwi, inaombwa. Tukajaribu tena, na mara ya tatu ikaingia bila sauti, laini kama kijiko kwenye uji. Nilimtazama. Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha kuelekea injini.

Barabara ya Bunda kwenda Musoma ina matuta mengi, na kila tuta lilikuwa mtihani. Nilikuwa nasema kilichopo mbele, naye anasema cha kufanya. Tuta. Toa gia, kanyaga mafuta kidogo ikiwa katikati, rudisha namba mbili. Ng'ombe wanavuka. Zima, tusubiri. Ng'ombe walivuka kwa muda wao, mchungaji akatusalimia, nikawasha kwa mruko, tukaendelea. Karibu na Kiabakari askari wa usalama barabarani alinyoosha mkono. Nilizima nikasimama, nikamweleza ukweli, kwamba klachi imekufa na mzee anapasuliwa macho asubuhi. Aliinama akamtazama baba, akaniambia niwashe taa za hatari na niende polepole. Tulipoondoka kwa kuruka, nilimwona kwenye kioo amejishika kiuno, anatutazama.

Baada ya Kiabakari hatukuwa tunaongea sana. Mkono wangu ulikuwa umeanza kujua. Niligundua kwamba kwa muda mrefu baba hakuwa amesema toa wala peleka, na mkono wake ulikuwa umekaa tu juu ya wangu bila kusukuma. Hapo ndipo aliposema, bila kugeuka, "Ningekufundisha tangu zamani. Mama yako alinisema sana. Mimi niliona watu watakucheka."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu ya miaka mingi. Lakini mbele kulikuwa na tuta.

"Tuta," nikasema.

"Unajua cha kufanya," akasema.

Tulifika Kitaji wakati wa magharibi, watoto wa jirani wakatukimbilia kwa sababu gari lilipiga honi kwenye kona ya nyumbani, kushoto. Usiku ule alikula vizuri na kulala kabla yangu. Asubuhi tulikwenda hospitali kwa pikipiki mbili.

Upasuaji ulikwenda salama. Walipomwondolea bandeji na kumruhusu kurudi kwangu, kitu cha kwanza alichokiendea ni gari. Klachi ilikuwa imeshatengenezwa. Alilizunguka polepole, akagusa mkwaruzo mmoja mmoja, akarudi mbele.

"Kumbe la bluu," alisema.

Kwa muda wote ule alijua ni jeusi. Mimi sikuwahi kumwambia rangi, na yeye hakuwahi kuuliza, kwa sababu kila mmoja alidhani hilo linajulikana.

Daktari alipompa ruhusa, nilimpeleka kwenye njia ya vumbi huko Bugwema, mavuno yakiwa yameisha na hakuna mtu barabarani, nikampa funguo. Aliendesha kama aliyebeba mayai. Baadaye mahali paliponyooka alikanyaga, turbo ikashika, na vumbi likasimama nyuma yetu kama ukuta. Aliachia mara moja. Akasimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akaweka mikono magotini. Alisema gari lina hasira, na kwamba kama angepewa hili ujanani asingefika uzeeni. Kisha akashuka akazunguka mbele ya gari kwenda kiti cha abiria, na hakuomba tena kuendesha.

Tulipata Jumamosi nyingine nyingi, kwa sababu gari lilikuwa halijamaliza. Lilipoteza shokapu, likapoteza taa moja, likavuja oili mahali ambapo fundi aliapa hapana oili. Baba sasa aliona, na bado alikosea. Alifariki mwisho wa mvua za masika, ugonjwa mfupi, na tulimzika Butiama pembeni ya mama. Fundi alikuja mazikoni amefunga gereji. Alisimama nyuma na wakwe, na zamu yake ilipofika alishika koleo kwa muda mrefu kuliko wengine.

Gari niliendelea nalo mwaka mmoja, halafu nikaliuza kwa mwalimu kijana ambaye alicheka kwa furaha nilipomzungusha. Nilimweleza kasoro zote nilizozijua, hata zile tulizokwisha kuzirekebisha, na nilichelewa kumaliza kwa sababu kila moja ilikuwa na hadithi yake. Alisikiliza kwa adabu, jicho likiwa kwenye funguo.

Siku hizi naendesha gari dogo lisilo na makuu, gia zinajibadilisha zenyewe. Haliharibiki. Jumamosi zangu ziko huru tangu asubuhi, na mara nyingine najikuta nimepita nyuma ya soko bila shida yoyote, nimesimama, namuuliza fundi kama chai ipo.