Ukuta wa Mzee wa Penrith

Mzee niliyekuwa nikimtunza kule Penrith, ughaibuni, alikuwa hawezi kusimama peke yake, na macho yake yalikuwa yameshazima. Ukutani, mkabala na kitanda, ilining'inia picha ya rangi za mafuta ya karne ya kumi na tisa, aliyoirithi upande wa mama yake: ukingo wa mto uliotulia, miti imeyainamia maji, ng'ombe wawili wanakunywa. Kila alasiri, nikishamgeuza na kumkanda mgongo, alinitaka nimsomee ile picha. Ndivyo alivyosema, kusoma.

"Ng'ombe mwekundu yuko wapi?"

"Nyuma kidogo, mzee. Maji yamemfika magotini."

"Kwenye vifundo! Tazama kabla hujasema."

Hakuwa mtu mwema. Aliniita kwa kupiga makofi, na chai ikipoa aliimwaga sakafuni makusudi, nipige deki. Kwenye picha tu ndipo sauti yake ilipolainika.

Jumamosi moja binti yake alikuja na mwanamume aliyebeba blanketi. Binti akajiwekea kidole mdomoni, ninyamaze. Wakaishusha picha baba mtu akiwa macho, anageuza uso kufuata vishindo.

"Mnafanya nini?"

"Tunafuta vumbi, Baba."

Jikoni yule binti akaniambia, "Wewe endelea kumsimulia. Umeshaikariri. Haoni, atapungukiwa na nini?"

Kesho yake alasiri mzee akaniambia nisome. 

"Picha haipo, mzee. Binti yako ameiondoa."

"Mwongo."

"Kiti chako cha magurudumu hiki hapa. Nikusogeze uguse ukuta mwenyewe."

Akavuta shuka hadi kidevuni. "Nipe simu."

Mimi mwenyewe ndiye niliyembonyezea namba. Sauti ya binti ilijaa chumba kizima: picha ipo, na huyo mwanamke anataka kukugombanisha na mimi. Mzee akacheka. Kisha akaniambia, kwa upole ambao hakuwahi kunionyesha, "Kwenu hamna vitu kama hivi. Ndiyo maana imekuuma."

Jioni hiyo hiyo ofisi iliyoniajiri ikanipigia nisirudi tena. Nilikaa stesheni treni zinapita, nimeshika mkoba. Nikaacha kutunza wazee, nikaenda kufungasha mizigo ghalani huko Wetherill Park.

Miezi kadhaa baadaye, kwenye treni, nilikaa na mama mmoja Mkongo aliyevaa sare ya utunzaji. Tukasalimiana kwa Kiswahili, akaanza kunieleza kazi yake: mzee kipofu, Penrith.

"Kila siku anataka nimwambie tablo, ile picha ya mto," akasema. "Lakini ukuta iko tupu, dada. Ni yeye mwenyewe alinifundisha maneno. Nikikosea ng'ombe ananitukana."

"Hukumwambia kwamba ukuta ni mtupu?"

"Siku ya kwanza kabisa. Akasema, 'Najua. Endelea.'"

 Nikaukumbuka mkono ule ulioshikilia shuka badala ya kugusa ukuta. Alikuwa anajua hata aliponiita mwongo, na bado aliomba simu.

"Aliwahi kumtaja aliyekuwepo kabla yako?"

"Hapana." Akaanza kukusanya vitu vyake, tulikuwa tunakaribia kituo cha Doonside. "Kwenu kazini wanaandika watu? Miye nimechoka na ule mzee."

Nikampa namba ya msimamizi wangu wa ghalani, akaiingiza kwenye simu akiwa ameshasimama mlangoni.