Mwamvuli wa sigara

Kwenye baraza ya duka moja Nkoaranga, mzee mmoja alitoa mfukoni sigara nene ya kahawia, aliyopewa na mtalii siku alipostaafu kuongoza wapanda mlima. Mwenye duka akamwonyesha mvua kwa kidole. Moshi wa sigara, nje.

Mzee akatoka. Sigara iliwaka kwa njiti ya tatu. Mkewe akamfuata, akamfunika kwa mwamvuli. Mzee akauvuta mwamvuli juu ya sigara.

"Baba, kichwa kinalowa."

"Kichwa kitakauka, mama. Hii ikilowa ndiyo basi."

Mimi niliyekuwa nimejikinga mvua pale barazani nilitaka kucheka, nikawakumbuka wanafunzi wangu waliofunika madaftari kwa sweta, wakaingia darasani wakichuruzika maji. Wale niliwasifu.

Yule mama akaushika mwamvuli vizuri palepale juu ya sigara. "Vuta. Ila kesho usiniambie una mafua."