Mtu wa Sahara Kwenye Theluji ya Shakopee

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nilipomaliza chuo nikawa bado natafuta kazi ya fani yangu, nilibeba maboksi kwenye ghala moja Shakopee, mji wa ughaibuni wenye baridi kali. Kila asubuhi nilimpa lifti mwenzangu wa zamu, mwanamume wa makamo kutoka kaskazini mwa Chad. Ujana wake aliumalizia kwenye malori yanayovuka Sahara. Tuliongea Kiingereza cha kuungaunga, kila mmoja na lafudhi yake.

Siku moja ya Januari upepo uliipeperusha theluji hadi barabara ikapotea. Gari likaserereka, likatumbukia mtaroni. Simu yangu ilikuwa imezima, na yeye hakuwa nayo.

"Kuna kituo cha mafuta nyuma kidogo," nikamwambia. "Nakwenda."

Akanishika mkono. "Unakiona?"

"Sikioni, ila nakijua kilipo."

"Hata wale tuliookota maiti zao jangwani walijua kisima kilipo. Malori yao tuliyakuta mazima. Kaa, ndugu yangu."

Akashuka, akafukua theluji iliyoziba bomba la moshi, akafunga skafu yake nyekundu kwenye antena. Aliporudi ndani alinikuta bado nimeshika kitasa cha mlango. Akaanza kunisimulia habari za kwao.

Kumbe mchanga ni sehemu ndogo tu ya Sahara. Kuna nyika za changarawe unazovuka siku nzima, na milima myeusi ya mawe. Adhuhuri mlango wa lori haushikiki, na kabla ya jua kuchomoza madereva wanajifunika mablanketi mawili. Mvua ikikosa miaka kadhaa kisha inyeshe mara moja, bonde zima linakuwa kijani ndani ya wiki. Yupo mbweha mdogo mwenye masikio makubwa kuliko uso wake, yanayompunguzia joto, na nyayo zenye manyoya zisiungue.

Aliyemsimulia kwa heshima zaidi ni swala mweupe mwenye pembe za kujisokota, anayekaa miezi bila kunywa maji, akitosheka na yaliyomo kwenye majani. Alimwona mara moja tu maishani. Walikuwa swala watatu, juu ya tuta la mchanga.

"Dereva akazima injini," alisema. "Tulikuwa hatujala nyama muda mrefu, lakini hakuna aliyetaja bunduki. Tuliwatazama mpaka wakaondoka."

Gari la kusukuma theluji lilitupita kidogo, likasimama, likarudi nyuma. Dereva wake alituambia asingetuona kama si ile skafu. Jioni, tulipopita tena pale na hewa imetulia, nilikiona kile kituo cha mafuta. Kilikuwa mbali, ng'ambo ya shamba kubwa, upande tofauti kabisa na niliotaka kwenda. Nilimwonyesha. Akatikisa kichwa.

Mimi nimekulia Morogoro, na jangwa nililijua kama rangi ya manjano kwenye ramani ya darasani. Majira yale ya baridi nilimwuliza habari za jangwa hilo kila tulipopanda gari, na sikumbuki hata siku moja aliyorudia hadithi.