Munkoyo ya mama mukwe mu bwawa ya pili

Kazi yangu kule Ruashi ni kulisha tududu. Mucheke tu, nilizoea. Maji ya bachoo inaingia mu bwawa ya kwanza, pahali mashini inapiga hewa, na tududu twa mule tunageuza azoti, njo nitrojeni, ya mikojo kuwa nitrati. Mu bwawa ya pili hakuna hewa. Tududu twa pale njo tunavunja ile nitrati, azoti inapanda na mapovu, inaenda zake ku mbingu. Lakini kadudu ya njaa haitumikake kazi. Inataka sukari kila siku.

Ile juma kamio ya sukari ilikwama mu njia. Chef akaniambia: "Kesho asubui napima maji. Nitrati ikiwa tena juu, ubakie kwako." Nilikasirikia tududu, hapana chef. Batoto wangu banalalaka saa ingine bila mboga, habagome. Hiki kintu chenye hata macho haikione, siku mbili bila sukari, kinagoma!

Ku nyumba kulikuwa bidon mbili, madumu makubwa, ya kinywaji ya munkoyo. Mama mukwe aliileta toka Katuba, alikoroga yeye mwenyewe bunga ya mahindi na mizizi, juu ya batizo ya mutoto wetu. Munkoyo iko tamu. Shetani alisema, nikasikia. Nikafunga bidon ku kinga, baiskeli yangu, nikakanyaga mpaka ku kazi, nikamwanga yote mu bwawa ya pili.

Asubui chef akatia kakaratasi kake ka kupimia mu maji. Kakabakia keupe: nitrati hakuna.

"Ulifanya nini?"

"Niliomba Mungu, chef."

Saa sita mama mukwe akafika kuonja munkoyo yake. Kwetu Baluba, muntu haangaliake mama mukwe mu uso. Nikapiga magoti, macho ku viatu vyake, nikasema yote: bidon, tududu, mpaka mavi. Bibi yangu, binti yake, akashika kichwa. Niliogopa kuliko mbele ya chef, kweli.

"Tule tududu tulikunywa yote?" akauliza polepole.

"Yote, mama. Hata tone haikubakia."

"Toka nilianza kupika munkoyo, bantu banaonja kidogo, banasema balishiba."

Sauti yake ilitetemeka. Nikasahau heshima, nikainua macho. Mama alikuwa anacheka. Miaka kumi na moja ya ndoa, njo siku ile nilijua meno yake iko na mwanya, sawa na ya bibi yangu.