Kidole Gumba cha Mustafa

Shemeji yangu Mustafa hajui kuficha kitu, na kwa mtu wa namna hiyo kazi ya siri ni mateso. Tangu alipomwoa dada yangu Zaituni kule Buyenzi, Bujumbura, hata zawadi ya Idi humtajia kabla hajaifunga. Kwa hiyo mtanielewa nikisema miezi ile ya karakana ilimkondesha.

Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari, hapa Ulaya tunakoishi sasa, mtaa wa Forest. Kilipofungwa alikaa sebuleni na fulana yake ya kazi, akitazama dirisha, na mtu akimwuliza jambo alijibu "bon", yaani haya, kisha akaligeukia tena dirisha. Nilimtania kadiri shemeji anavyoruhusiwa, na zaidi. Hakucheka. Zaituni, anayesafisha ofisi kule Schuman, akirudi alikuta chai aliyomwachia asubuhi imepoa vile vile. Aliniambia wazi kwamba mume wake yuko pale kitini lakini ameondoka, na kwamba anaogopa.

Halafu akapata kazi. Karakana moja, jirani na kile kiwanda, ilikuwa ikimalizia mashine mpya za michezo ya video. Vipande vya ndani vilitoka ng'ambo. Hapa walifunga makasha, wakakaza skrubu, wakajaribu kila mashine na kuitia kwenye boksi. Nilidhani vitu hivi hutengenezwa leo vikauzwa kesho. Kumbe hutengenezwa miezi mingi mapema na kurundikwa ghalani kimya kimya, maana siku ya kutolewa kila duka linavitaka kwa mkupuo mmoja. Mpaka siku hiyo ni siri. Simu ziliachwa mlangoni, na Katrien, msimamizi wao, aliwaeleza kwa upole kwamba atakayesema nje kinachotengenezwa, hata kwa mkewe, atapoteza kazi.

Mustafa alipewa pedi, kile kidude cha kushika mikononi chenye vitufe. Kazi yake kukijaribu: kushoto, kulia, juu, chini, kisha kinachofuata. Kutwa nzima, kwa kidole gumba.

Basi kidole hakikujua kwamba kazi ya siku imekwisha. Mezani, kwenye tramu, mbele ya taarifa ya habari, kiliendelea kutembea juu ya vidole vingine, taratibu, bila kukosea. Zaituni akakiona. Sisi baba yetu alikuwa akihesabu nyuradi zake kwa pingili za vidole, hakupenda tasbihi, na dada yangu hakuhitaji kuuliza. Mume wake alikuwa anamtaja Mungu. Yule aliyeondoka alikuwa amerudi, tena kwa njia ambayo dada yangu hakuthubutu kuiomba hata kwenye dua. Alilia jikoni, kisha akaja kumshukuru.

Mustafa alipiga hesabu. Akisema si dhikiri, ataulizwa ni nini. Akisema ni nini, kazi imekwenda na maji, na atarudi kwenye kile kiti. Akinyamaza, anavaa ucha Mungu asiokuwa nao mbele ya mwanamke anayemwamini kuliko wote duniani. Alinyamaza.

Na dada yangu, Mungu amweke, hajui kufurahi peke yake. Wiki haikuisha, kina mama wote wa msikitini walikuwa na habari. Jumapili moja alasiri Sheikh Abdul-Aziz akaja kunywa chai, akakitazama kile kidole kikizunguka kando ya kikombe, akamwomba Mustafa aongoze halaka, kile kikao cha dhikiri cha kila Alhamisi. Mustafa akasema hastahili. Sheikh na Zaituni wakatazamana kwa heshima: tazama unyenyekevu wa mtu huyu. Mimi nilikuwapo, na nilimwona shemeji akitoka jasho kwenye nyumba yenye baridi. Sheikh alimwambia atasubiri jibu, hata likichelewa.

Kesho yake, mbele ya rundo la pedi, Mustafa alifanya jambo pekee aliloweza kulifanya bila kumwambia mtu. Kushoto, Subhanallah. Kulia, Alhamdulillah. Juu, Allahu akbar. Chini, Astaghfirullah, na hiyo ya mwisho, aliniambia baadaye, ndiyo aliyoisema kwa moyo wote. Aliona kama hawezi kumwambia mke wake ukweli, basi angalau alichokiamini mke wake kiwe kweli. Akaendelea hivyo mpaka pedi ya mwisho.

Siku ya kutolewa ilipofika, alimchukua Zaituni mpaka Rue Neuve, mtaa wa maduka, na mimi nikafuata kwa udaku. Dukani palikuwa na foleni, na mashine moja ya kujaribia mezani. Mustafa akaichukua pedi. Hakueleza kitu. Kidole gumba kikaanza: kushoto, kulia, juu, chini.

Dada yangu alikitambua mara moja. Alitoka nje, na sisi tukamfuata mpaka kituoni, naye Mustafa akimweleza yote tangu mwanzo, mpaka ile asubuhi baada ya Sheikh. Tulipanda tramu. Zaituni alikuwa anatazama barabara.

"Siku ile nilikuja kukushukuru," alisema hatimaye, "wewe ulikuwa unasema nini mu roho?"

"Kushoto, kulia, juu, chini."

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu, maman."

Niliona mabega ya dada yangu yanatikisika, nikadhani ni kilio. Kilikuwa kicheko, kikubwa hata abiria wakageuka. Mustafa alimtazama kwa woga, kisha naye akacheka, na mimi, sioni haya kusema, macho yalinilowa, kwa sababu sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu kiwanda kifungwe. Zaituni akaushika ule mkono, akaufunga ndani ya yake yote miwili.

"Alors, Alhamisi unaenda," akasema. "Lakini unamwambia Sheikh kwanza."

Alimwambia. Sheikh Abdul-Aziz alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama yale maneno ya karakanani aliyasema kweli. Mustafa akasema ndiyo. Sheikh akamsogezea nafasi.

Alhamisi huwa ninakaa karibu naye. Wengine hufumba macho. Mimi hutazama kidole chake, nacho mpaka leo hakifuati pingili: kinakwenda kushoto, kulia, juu, chini.