Injini Waliyosema Imekufa

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika usukani. Niliripoti katika ofisi ya usafirishaji ya chama chetu cha ushirika mjini Kisii nikiwa na shati jeupe na leseni mfukoni, nikidhani nitapewa ufunguo wa lori na kutumwa Nyamira kubeba majani chai. Afisa Usafirishaji alikuwa mzee aliyewahi kuwa fundi jeshini. Alilitazama lile shati, kisha akanionyesha lori lililoegeshwa kando ya ukuta.

"Ingia chini," alisema. "Halafu uniambie unaona nini."

Niliingia. Nikamwambia naona oili inavuja.

"Ya injini ama ya gia?"

"Sijui, afande."

"Basi kaa huko mpaka ujue."

Nilikaa chini ya lori hilo hadi saa saba mchana. Hatimaye alichuchumaa, akachovya kidole kwenye tone moja na kuninusisha, akachovya kwenye jingine na kuninusisha tena. Oili ya gia hunuka kama yai viza, ya injini hunuka moshi. Mpaka leo naweza kusimama kando ya gari nikiwa nimefumba macho na kukwambia linavuja wapi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo ya udereva enzi zetu, na ninayaeleza kwa sababu vijana wanaoendesha magari ya ofisi siku hizi hawajui hata boneti inafunguliwa upande gani. Likizima, wanapiga simu. Ukiwauliza, wanasema ni gari la kazini, likiharibika litanunuliwa jingine. Nani atalinunua? Swali hilo limenifanya nikose subira na watu wengi, na sitajifanya mpole hapa.

Miaka ya mwanzo nilibeba majani kutoka vituo vya Gesima. Barabara za kule zikinyeshewa huwa kama sabuni, na lori likiteleza kuelekea mtaroni unajikuta ukiwaza kuhusu watu waliovuna kile ulichobeba. Nilijifunza kushuka mteremko kwa gia nzito badala ya kukanyaga breki muda wote, kwa kuwa breki ikipata moto sana haishiki tena. Nilipandishwa cheo, nikapelekwa tawi la Nyamira kuendesha pikapu ya Meneja wa Tawi, na baadaye nikarudishwa makao makuu. Hapo ndipo nilipokabidhiwa gari ambalo kwa sababu yake ninaandika.

Lilikuwa gari kubwa jeupe, jipya kabisa, la injini ya silinda nane na viti vya ngozi. Meneja Mkuu wa kwanza aliyenituma kulichukua alikuwa mtu wa maneno machache. Wanachama walikuwa wamebishana sana kabla ya kulikubali, na sikuwalaumu. Mtu anayebeba mkungu wa ndizi kichwani kutoka Nyamache hafurahii kuona mkubwa wake kwenye kiti cha ngozi. Lakini magari mawili madogo yaliyotangulia yalikuwa yamevunjikia njiani, na bodi iliona ni afadhali kununua moja lenye nguvu na kulitunza.

"Ombati," Meneja Mkuu aliniambia nilipomkabidhi ufunguo, "hili si langu wala si lako. Siku chama kitakapoliuza, nataka wakulima warudishiwe kitu cha maana. Hiyo ndiyo kazi yako. Kunipeleka mikutanoni ni kazi ndogo."

Watu wengi hudhani thamani ya gari kama lile ni ule ung'aavu wake. Si kweli. Thamani yake ni chesisi, yaani ile fremu nzito ya chuma iliyo chini, ambayo haikunjwi na mashimo. Ni injini kubwa isiyohitaji kukamuliwa ili ipande mlima. Gari la namna hiyo likitunzwa vizuri, hata likikaa miaka kumi bado mtu atakupa bei ya kununua shamba. Lisipotunzwa, hakuna gari linaloporomoka bei haraka kama hilo, kwa sababu kila kifaa chake ni ghali na mnunuzi anajua.

Basi nililitunza. Oili niliibadilisha kila kilomita elfu tano, ijapokuwa kitabu chake kiliruhusu zaidi, kwa sababu aliyeandika kitabu hicho hakujua vumbi letu. Filta ya hewa niliikagua kila Ijumaa. Gari hilo halikubebwa na springi za chuma bali na mifuko ya hewa, na matope yakikauka kwenye mpira wa mifuko hiyo huukata polepole, kwa hiyo kila tulipotoka Gesima niliosha tumbo la gari kabla ya kuosha uso wake. Ofisini walinicheka. Walisema namwosha bibi harusi miguu.

Meneja Mkuu wa pili alifuata utaratibu huo huo. Wa tatu ndiye aliyeniharibia usingizi.

Alikuja akiwa kijana, mwenye viatu vinavyong'aa na maneno mengi ya mikutanoni. Wiki ya pili alinikuta nimeinama kwenye injini.

"Mzee, kwani wewe ni dereva ama ni daktari?"

"Nabadilisha filta, Meneja."

"Hiyo gari ni ya kutumia, si ya kuabudu. Kuanzia sasa vipuri nitaagiza mimi."

Filta alizoagiza zilikuwa bandia. Nilifungua moja mbele yake nikamwonyesha karatasi ya ndani, nyepesi kama ya daftari, ikiwa imeacha upenyo pembeni. Alisema anaamini wauzaji wake. Sikubishana. Nilinunua filta halisi kwa mfuko wangu, nikazificha chini ya kiti, na kila ilipofika zamu ya kubadilisha niliweka yangu badala ya ya kwake. Ninaona aibu kusema kwamba mfanyakazi alilazimika kuliiba gari kutoka mikononi mwa uzembe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha, bila mimi kuomba, nilipewa likizo ya wiki moja. Niliporudi nilikuta gari limesimama uani, na bawabu akaniambia limekataa kuwaka, injini imekufa. Nilikuwa nimeliacha likinguruma kama kawaida. Niliomba ufunguo ili nilioshe, nikajaribu kuliwasha. Injini ilizunguka lakini haikushika. Nikafungua kisanduku cha fyuzi kilicho kando ya betri. Ndani yake huwa mna rilei kadhaa, vile visanduku vidogo vyeusi vinavyoruhusu umeme kufika mahali fulani. Rilei ya pampu ya mafuta haikuwepo. Nafasi yake ilikuwa tupu.

Rilei haidondoki. Hubanwa kwa nguvu, tena chini ya kifuniko chenye vishikizo. Aliyeitoa aliitoa kwa mkono wake, akijua anachofanya. Nilikirudisha kifuniko, nikaendelea kuosha.

Mchana wa siku hiyo Bi. Moraa alinifuata uani. Alikuwa karani wa Meneja Mkuu, mwanamke wa makamo kutoka Nyamache, mkimya, ambaye Jumamosi zote ungemkuta kanisani kule Nyanchwa. Alikuwa ameshika karatasi.

"Mzee Ombati, wewe ndiye unajua hii gari. Imekufa kweli?"

"Kwa nini unauliza?"

"Ameniambia nipige chapa ripoti ya mkaguzi. Inasema injini imekufa, haiwezi kutengenezwa, iuzwe kama chuma chakavu. Na mkaguzi mwenyewe hajafika. Nitaandikaje alichoona mtu ambaye hajafika?"

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na miezi kidogo nistaafu. Nilikamua kitambaa, nikamwambia, "Mimi ni dereva tu."

Alinitazama, akarudi ndani. Baadaye nilisikia kwamba aliiweka karatasi hiyo mezani kwa Meneja Mkuu na kukataa kuipiga chapa. Kesho yake alihamishiwa ghala letu la mbali kabisa, mahali pasipo na ofisi wala meza. Kabla ya juma kwisha aliacha kazi. Ripoti ikapigwa chapa na mtu mwingine. Mkaguzi akaja, akalizunguka gari mara moja bila kuinua boneti, akatia sahihi.

Nilinyamaza kwa wiki tatu. Katika wiki hizo nilijua pia nani angelinunua: shemeji yake Meneja Mkuu, mwenye yadi ya magari. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi hata unakera. Gari linaandikwa limekufa, linauzwa kwa bei ya mabati, linarudishiwa kidude kinachotosha kwenye kiganja, na wiki inayofuata linasimama kwenye yadi likiwa na bei yake kamili. Miaka yote ile ya kulala chini yake, wakulima wangerudishiwa bei ya chuma.

Mkutano mkuu wa wanachama ulifanyika hapo hapo uani, chini ya mahema. Gari lilikuwa nyuma ya jukwaa. Meneja Mkuu alisoma ripoti, akaomba wanachama wainue mikono kuidhinisha mauzo. Shemeji yake alikuwa ameketi mstari wa mbele na wageni.

Mama mmoja mzee kutoka Gesima alisimama. Nilimfahamu, nilikuwa nikibeba majani yake enzi za lori.

"Hiyo gari nilinunua na majani yangu," alisema. "Imekufa na nini?"

"Mama, hayo ni mambo ya kiufundi," Meneja Mkuu alimjibu kwa tabasamu. "Hata nikikueleza hutaelewa. Keti tu."

Mama aliketi. Watu kadhaa wakacheka kidogo, kicheko cha kumtuliza. Sijui ilikuwa ni ile "keti tu" au kile kicheko, lakini nilijikuta nimesimama.

"Mwenyekiti," nilimwambia Mwenyekiti wa Bodi, "naomba ufunguo wa gari."

Meneja Mkuu alisema madereva hawana nafasi ya kuzungumza katika mkutano wa wanachama. Nikasema siombi kuzungumza, naomba ufunguo. Mwenyekiti alisita, akatazama umati uliokuwa umeanza kunung'unika, akaagiza uletwe.

Niliinua boneti. Nilimwita yule mama wa Gesima aje asimame karibu nami, akaja akiegemea mwavuli wake. Nikafungua kisanduku na kumwonyesha ile nafasi tupu. Kisha nikachomoa rilei ya honi, ambayo kwa gari hilo ni sawasawa na ya pampu ya mafuta, nikaibana kwenye nafasi hiyo. Betri ilikuwa imechoka. Mara ya kwanza injini ilizunguka kwa unyonge, ikaacha. Mara ya pili ikashika.

Injini ya silinda nane haipigi kelele. Hunguruma chini chini, na uani pote palikuwa kimya kiasi cha kila mtu kuisikia.

"Umefanya nini, Mzee?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nimehamisha kidude cha honi. Cha mafuta kiliondolewa na mtu. Sasa gari halina honi, lakini linakwenda Nyamira na kurudi hata sasa hivi."

Yule mama aliweka kiganja chake juu ya boneti, akahisi mtetemo, kisha akamgeukia Meneja Mkuu. "Nimeelewa," alisema.

Mauzo yalisimamishwa. Baada ya miezi miwili gari liliuzwa kwa mnada wa wazi. Lilichukuliwa na mume na mke kutoka upande wa ziwa, wenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, kwa bei iliyowafanya wanachama wapige makofi. Bado ninaliona mara kwa mara, na wenyewe wanalitunza vizuri.

Mngependa niwaambie kwamba waliotenda waliadhibiwa. Meneja Mkuu aliandika barua ya kujiuzulu, akafanyiwa karamu ya kumuaga, mbuzi akachinjwa, na sasa ana wadhifa mwingine mahali pengine. Mkaguzi bado anatia sahihi. Mimi nilipewa kazi ya kufungua geti hadi siku ya kustaafu, kwa maelezo kwamba chama hakina tena gari la kunipa. Niliiomba bodi imrudishe Bi. Moraa. Mwenyekiti alisema suala lake lilishafungwa, kwa kuwa aliacha kazi kwa hiari yake. Kwa hiari yake. Nililirudia neno hilo njia nzima nikielekea nyumbani.

Nimestaafu sasa. Asubuhi nachuma majani yangu mwenyewe, na vijana hunifuata kuniuliza kuhusu magari wanayotaka kununua. Nawaambia wasianzie kwenye rangi wala kwenye kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi, kwani hizo zinarudishwa nyuma na fundi yeyote mwenye kompyuta. Waanzie chini. Waulize nani alilitunza, kisha waende wakaonane naye ana kwa ana.

Mwezi uliopita nilipanda boda boda hadi Nyamache, siku ya soko. Bi. Moraa ana kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala, karibu na wauza ndizi. Alinikaribisha, akaniuliza kama nina barua ya kuandikiwa.

"Nimekuja kukuomba radhi," nilimwambia. "Siku ile uliponiuliza kama gari limekufa, nilijua halijafa. Nilikuwa nimeona asubuhi ile ile."

Aliendelea kupanga karatasi zake.

"Nilijua unajua," alisema. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

Mteja aliingia na cheti cha kuzaliwa, akataka nakala mbili. Nilisubiri mpaka akahudumiwa na kuondoka. Kisha nikamwambia Moraa kwamba nataka kuandika kumbukumbu za kazi yangu, nikamwuliza kama ninaweza kumtaja kwa jina.

"Andika," alisema. "Lakini andika pia ulichonijibu."

Nimeandika.